Bibi wa Mofu Anajiweza

Kwa miaka mingi, nikiulizwa nilifanya kazi gani baada ya chuo kikuu, nilijibu kwamba nilikuwa Ifakara kwenye utafiti. Nilisema hivyo kwenye usaili, kwenye harusi, na mara moja kwa daktari aliyetaka tu kujua kama kuna dawa inayonidhuru. Neno hilo lilinifaa kwa sababu hakuna anayeuliza zaidi. Watu hutikisa kichwa kwa heshima na kubadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani katika nyumba ya wazee. Na hata kusema karani ni kujipandisha cheo, maana baada ya saa nne asubuhi kazi yangu kubwa ilikuwa kufukuza mbuzi waliokuja kutafuna mashuka yaliyoanikwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Serikali ilikuwa imesimamisha ajira, na shahada yangu ya sosholojia ilikaa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la mama, ambako mende walikuwa wameanza kuisoma kwa bidii kuliko nilivyoisoma mimi. Mama alikuwa Mndamba wa hapo hapo Ifakara. Baba, ambaye alikuwa ameshafariki, alikuwa Mngoni aliyekuja bondeni kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu. Nautaja ukoo wangu mapema kwa sababu baadaye utakuwa na kazi. Wakati ule niliamini hauna kazi yoyote, sawa na shahada.

Nyumba yenyewe iliendeshwa na masista, nje kidogo ya mji, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Wazee walikuwa wachache, wahudumu walikuwa wachache zaidi, na Sista mkuu alikuwa mama wa makamo aliyechoka kiasi kwamba alikuwa akisinzia amesimama, huku mkono mmoja umeshika nguzo ya baraza. Mimi nilikuwa na umri mdogo, lakini haikuchukua muda nikawafikia kwa uchovu.

Kazi yangu ya kalamu ilikuwa moja. Kila mwisho wa mwezi, kila mzee alijaziwa karatasi iliyoeleza anahitaji msaada kiasi gani: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani. Mbele ya kila jambo kulikuwa na visanduku vitatu. Anajiweza. Anasaidiwa kidogo. Anasaidiwa kabisa. Karatasi zilikwenda kwenye ofisi iliyotusimamia, mbali na bonde letu, na huko watu ambao hawajawahi kuwaona wazee wetu waliamua tupewe wahudumu wangapi, na nani aendelee kukaa.

Nilizijaza hivi. Asubuhi nilipita kitanda kwa kitanda na ubao wangu wa kuandikia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Umeoga?"

"Nimeoga, nimemaliza."

Nikaweka alama: anajiweza. Nikaenda kwa anayefuata. Kwenye mji wa wasomi niliotoka, hiyo iliitwa mahojiano ya ana kwa ana.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu ameshaliona kosa. Kwetu hakuna anayetaja ugonjwa kwenye salamu. Mtu anaweza kuwa anatetemeka kwa malaria mpaka kitanda kinalia, ukimuuliza umeamkaje atasema salama. Ni adabu tu. Unatakiwa ukae. Uulize habari za nyumbani, za mvua, za mpunga, za yule mjukuu aliyekwenda Mahenge. Ndipo, ukiwa umeshasahau ulichofuata, mgonjwa anavuta pumzi na kusema: "Ila..." Na baada ya ila ndiko kuna kila kitu. Mama yangu, ambaye aliishia darasa la nne, hakuwahi kuondoka kwa mgonjwa kabla ya ila. Mimi nililelewa naye nyumba moja, na bado nilikuwa naondoka kwenye salama, kwa sababu nilikuwa na ubao na kalamu na nilitaka kumaliza kabla jua halijawa kali. Kwa karatasi zangu, nyumba yetu ilikuwa imejaa wazee wenye afya nzuri kuliko watumishi wake.

Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja Mpogoro, mjane aliyeletwa kutoka Mofu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa ugonjwa wa zamani uliokwisha kutibiwa, na alivificha chini ya kanga kama mtu anayeficha mayai. Nilimwona kila asubuhi ameketi kwenye mkeka, msafi, kanga imefungwa vizuri, uso unang'aa mafuta. Nikimuuliza, anasema ameoga. Na alikuwa ameoga kweli, yeyote angeona. Kula: anajiweza. Kuvaa: anajiweza. Alikuwa mmoja wa wazee niliowapenda, maana karatasi yake ilikuwa ya haraka.

Kitanda cha jirani yake kilikuwa cha bibi Mngoni, mrefu, mwenye mifupa mikubwa, aliyefika bondeni na mume aliyefanya kazi Kidatu kama baba yangu, akabaki peke yake mume alipofariki. Hao wawili waligombana tangu alfajiri. Nilikuwa nasikia sauti zao zikitoka kwenye bafu la matete nyuma ya nyumba, kabla wahudumu hawajatoka kuchota maji na kuwasha moto wa uji.

"Simama vizuri, Mpogoro wewe! Hivi ndivyo mlivyosimama siku mlipotukimbia mkajificha Mahenge?"

"Hatukukimbia. Tulikuwa tunatafuta hewa safi, maana mlipopita mlinuka."

"Inua mkono."

"Babu zako walikuja na mikuki. Wewe umekuja na kopo la maji. Ukoo umeshuka!"

Halafu vicheko, halafu maji. Nilidhani ni vikongwe wawili wanaopenda kugombana wakati wa kuoga. Wangoni na Wapogoro ni watani. Watatukanana hata msibani, hasa msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nilijua hayo. Hata niliwahi kuyaandikia insha chuoni, ikapata alama nzuri.

Kisha ikaja barua. Ofisi ilisema kuna wazee wanaosubiri nafasi, kwa hiyo wale ambao karatasi zinaonyesha wanajiweza, na wana ndugu, warudishwe kwa ndugu zao. Bibi Mngoni hakuwa na ndugu, akabaki. Jina la bibi wa Mofu lilikuwa juu kabisa. Karatasi yake ilikuwa safi mno.

Sista alimwita ofisini akamwambia kwa upole. Mtoto wa kaka yake alikuwa Mofu, mkulima, mtu mzuri. Angetumiwa ujumbe aje amchukue. Bibi alisikiliza, mikono chini ya kanga.

"Sawa, Sista," alisema.

"Umefurahi kurudi nyumbani?"

"Salama tu, Sista."

Tukampa pole ya safari. Hatukungoja ila yake, si mimi wala Sista.

Wiki hiyo hiyo bibi Mngoni alishikwa na malaria kali akapelekwa hospitali mjini, amelala nyuma ya gari la kubebea mahindi, akitukana barabara. Kesho yake asubuhi bafu lilikuwa kimya. Nilipopita na ubao wangu, bibi wa Mofu alikuwa bado kitandani, amegeukia ukuta.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje?"

"Salama."

"Umeoga?"

"Nimeoga."

Nikaweka alama. Ndiyo, niliweka. Siku iliyofuata uji wake ulikuwa umeganda pembeni ya kitanda; alisema hana njaa. Siku ya tatu niliinama kuokota kalamu iliyoanguka, na harufu ikanifikia. Nikakaa kitandani pake. Nikauliza habari za Mofu. Akanieleza kwamba mto umeshuka, kwamba samaki wa msimu huu wana miiba mingi, kwamba mtoto wa kaka yake amejenga nyumba ya bati. Nikauliza habari za mke wa huyo mtoto. Akavuta pumzi.

"Mzuri sana," alisema. "Ila ni mkwe."

Akatoa mikono chini ya kanga akaiweka mapajani pake, wazi, ili niione. Vidole vilikuwa vimejikunja kabisa, havikufunguka wala havikushika. Hakuweza kufunga fundo la kanga. Hakuweza kushika kopo. Kwa miaka yote aliyokaa kwetu, bibi Mngoni alimwogesha, akamvika, akamfunga kijiko mkononi kwa kitambaa ili ale, kisha akamketisha kwenye mkeka kabla hatujatoka nje. Wahudumu walipotaka kumsaidia mwanzoni, alikataa. Walikuwa mabinti wadogo, kwake sawa na wakwe na watoto wake.

"Mtani akiniona, amemwona mtani," alisema. "Atanicheka, nami nitamcheka. Mkwe wangu akiniona uchi, nitamtazamaje tena? Nikirudi Mofu sitaoga. Nitaoza taratibu, na yule binti atalia kwa sababu atadhani simpendi."

Nilisema nitamwita mhudumu. Akasema hapana. Nilisema nitamwita Sista. Akasema Sista ni mtumishi wa Mungu, atafumba macho akammwagia maji puani. Kisha akanitazama kwa makini, kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Wewe baba yako si Mngoni?"

Hapo ndipo ukoo wangu ulipopata ajira, kabla ya shahada.

Nilichemsha maji. Nikamshika bega, akajiviringisha upande, akainuka. Kumbe kuinuka alihitaji bega tu, miguu ilikuwa yake. Bafuni nilimvua kanga huku nikitazama matete. Nikajaza kopo. Tukasimama.

"Unangoja nini?" aliuliza.

"Samahani, bibi. Nitaanza na mgongo?"

"Husemi kitu?"

"Niseme nini?"

"Sasa wewe mtani gani? Unaniogesha kama maiti. Hata maiti mtani wake humtania!"

Nilijikakamua. Mimi, niliyefundishwa tangu mtoto kumwamkia kila mwenye mvi, nilimwambia mwanamke wa umri wa bibi yangu: "Bibi, wewe ni... mchafu kidogo."

"Kidogo?" Alicheka mpaka akashika matete. "Huko chuo hawakuwafundisha hata kutukana? Serikali imepoteza hela."

Nilijifunza polepole. Siku ya pili niliweza kumwambia kwamba Wapogoro wana visigino vya kulimia. Akanijibu kwamba Wangoni wana vichwa vya kupondea mihogo, na cha msomi wao ndicho kikubwa kuliko vyote. Nilirudi ofisini nimelowa mpaka viatuni, kiuno kinauma, nikakaa mbele ya karatasi tupu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kuandika, na sikuwa na nguvu za kukiandika.

Sista alikuwa na haraka. Nilipomweleza barazani, alinielewa mara moja, akafuta macho kwa ncha ya shela yake, kisha akasema, "Andika anasaidiwa kabisa. Kote. Tumalize."

"Si kote, Sista. Akifungwa kijiko anakula mwenyewe. Kikombe anakibana kwa viganja. Chooni anakwenda kwa miguu yake, ila hawezi kufungua kanga wala kuifunga."

"Mwanangu, mwezi jana uliandika anajiweza kote. Mwezi huu unaandika mambo ya viganja. Watadhani tunawachezea. Andika kabisa, Mungu ataelewa."

"Ofisi je?"

Sista akashika nguzo akafumba macho. Ilikuwa namna yake ya kuahirisha mjadala.

Nilikuwa tayari kumtii. Sina sifa ya ushujaa, na kabisa ni alama moja tu, inachukua muda mfupi. Lakini nilifanya kosa la kumsomea bibi mwenyewe. Nilipofika kwenye kula, akanyanyua mkono wake uliokunjwa.

"Futa hapo."

"Bibi, ni kwa faida yako."

"Nakula mwenyewe. Ukiandika siwezi kula, nitaila hiyo kalamu yako uone."

Nikafuta. Nikaandika kila jambo jinsi nilivyoliona kwa macho na kulifanya kwa mikono: kipi anafanya mwenyewe, kipi anaanziwa kisha anamalizia, kipi hawezi hata kuanza, na kwamba asubuhi ya baridi ni mbaya kuliko mchana. Karatasi haikuwa na nafasi ya hayo, nikazunguka pembeni mpaka mgongoni mwake. Palipoulizwa jina la mhudumu anayemsaidia, nilifikiri sana, nikaandika: mtani wake. Nikaeleza ni nani, na kwa nini hakuna mwingine, na kwamba zamani niliandika anajiweza kwa sababu nilimuuliza na kuondoka. Sista alisoma sentensi hiyo mara mbili, akatia muhuri. Tukampa dereva wa basi la Mikumi aipeleke.

Bibi Mngoni alirudi kabla ya jibu. Alishuka kwenye baiskeli ya kukodi, amekonda, nguo inamning'inia, akasimama mlangoni akipumua.

"Mpogoro hajafa? Nami nilishajiandaa kula wali wa msiba!"

"Nilikungoja uje unichimbie kaburi," bibi wa Mofu alijibu kutoka kitandani. "Mjukuu wako anaogesha kama anayefua blanketi."

Bibi Mngoni akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vilivyoharibika kwa maji. Nilidhani atanishukuru.

"Sabuni umemalizia wapi?" akauliza.

Lakini jibu halikuja. Aliyekuja ni mtoto wa kaka kutoka Mofu, mwanamume wa makamo, mpole, ambaye ujumbe wa kwanza ulikuwa umemfikia vizuri sana. Alikuwa amefunga mto kwenye keria ya baiskeli yake, mto wenye foronya iliyotariziwa maua, bila shaka ni kazi ya mke wake. Alituamkia wote. Akaketi barazani, kofia gotini.

"Mimi niliambiwa nije," alisema. "Shangazi akitaka, nyumba ipo. Mke wangu ameshamtandikia."

Sista alisema tungoje kidogo simu ya ofisi. Bibi wa Mofu aliletwa akaketi karibu na baiskeli, fundo la kanga limekazwa na mtani wake, furushi lake miguuni, akawa anautazama ule mto. Bibi Mngoni alisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hakuwa na tusi hata moja. Ukimya huo ulinichosha kuliko ndoo zote nilizobeba.

"Shangazi hujambo lakini?" yule bwana aliuliza.

"Sijambo, baba. Salama kabisa."

Naye akatikisa kichwa, ameridhika, akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli. Nilitaka kumwambia akae. Nilitaka kumwambia aulize habari za mvua. Jua lilikuwa linapanda na safari ya Mofu ni ndefu. Alisema kwa adabu kwamba ingefaa watangulie.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa simu nyeusi ya mezani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na siku za mvua ilikuwa pambo tu. Sista alinisukuma mimi. "Wewe ndiye uliyeandika," alisema.

Upande wa pili alikuwa mwanamume, sauti ya mtu aliyezungukwa na mafaili.

"Ninyi ndio mmeandika hii ya bibi wa Mofu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa kwenye mhudumu mmeandika mtani. Mtani ni cheo gani?"

"Si cheo, mzee. Ni mkazi mwenzake. Ni Mngoni, na bibi ni Mpogoro."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa upande wa mgongoni.

"Na huyu Mngoni akiwa hayupo?"

"Bibi haogi. Tumeona. Alikaa siku kadhaa hivyo hivyo, na mimi nikaweka alama kwamba ameoga."

"Uliweka alama."

"Niliweka, mzee."

Alipumua kwa pua. Sikujua kama anacheka au anaandika jina langu mahali pabaya. Nje, mtoto wa kaka alikuwa ameshainua furushi na kulifunga kwenye usukani.

"Mimi mwenyewe mama yangu ni Mpogoro," alisema hatimaye. "Anasema anajiweza. Kila nikipiga, anajiweza." Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Mwambieni ndugu yake arudi salama, na tunamshukuru. Bibi abaki hapo hapo, kitanda hicho hicho, na mtani wake asihamishwe. Nimeshasaini."

Nilimwonyesha Sista kidole gumba kupitia mlango. Alishika nguzo, lakini safari hii macho yalikuwa wazi. Nikasikia bibi Mngoni akimwambia yule bwana aufungue ule mto auache, maana Mpogoro kwao hajawahi kuona maua.

"Asante sana, mzee," nikasema, na nilikuwa nimeshaanza kushusha mkono wa simu.

"Ila," akasema.

Nikairudisha sikioni. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ila hao wengine wote mlioandika wanajiweza, karatasi zao nimezirudisha kwa basi la leo. Zianze upya. Mzee mmoja mmoja."